Kugeuka kwa Jua na Askari Aliye Lindoni

Kila mwaka, ifikapo tarehe 21 au 22 Desemba, jua hufikia kikomo cha safari yake ya kusini. Adhuhuri ya siku hiyo huwa juu ya utosi wa watu wakaao kwenye mstari wa Tropiki ya Kaprikoni, upitao Msumbiji, Afrika Kusini, Botswana na Namibia. Kisha hugeuka na kuanza kurudi kwetu kaskazini. Katika Ulaya, Marekani na Asia ya kaskazini usiku wa siku hiyo ni mrefu kupita mwingine wowote wa mwaka, na tangu zamani za kale watu wa huko wameupa heshima ya pekee. Tumeona si vibaya kuyazungumza mambo haya mbele ya wapiganaji na askari polisi wenzetu, hasa wale ambao usiku huo watakuwa lindoni, iwe katika vituo vya mpakani vya Vurra na Oraba, iwe katika kambi za Arua na Koboko, au katika kituo kidogo cha polisi huko Ajia ambako taa ni moja na askari ni wawili.

Pengine msomaji atauliza jambo la nchi za baridi linatuhusu nini sisi wa West Nile, tusiojua theluji wala koti zito. Swali hilo ni la haki, na hatuna budi kulijibu kabla ya kuendelea.

Mji wa Arua uko kiasi cha nyuzi 3 tu kaskazini ya Ikweta. Tarehe 21 Desemba mchana wa London hauzidi saa 7 na dakika 50, na usiku wake hukaribia saa 16. Siku hiyo hiyo mchana wa Arua ni wa saa 12 kasoro dakika tatu hivi. Ukiulinganisha mchana wetu mfupi wa Desemba na mchana wetu mrefu wa Juni, tofauti yake ni kama dakika 20, muda wa kupiga pasi sare na kung'arisha viatu. Kwa hiyo ni dhahiri kwamba mtu wa Arua akisimama na kutangaza kuwa nuru imelishinda giza mwezi wa Desemba, atakuwa amesema maneno ya kuazima. Hakuna aliyeliona giza hilo likizidi, na hakuna atakayeiona nuru hiyo ikirudi. Sisi hatupendi maneno ya kuazima. Tunaamini kwamba kugeuka kwa jua kuna maana kwetu, lakini maana hiyo yatupasa tuitafute hapa hapa tulipo, katika yale ambayo jua hutenda juu ya ardhi yetu.

Tuanze na kivuli, kwa kuwa ndicho kitabu cha kwanza cha askari. Tulipokuwa wanafunzi katika chuo cha maofisa tulifundishwa kutafuta dira kwa kijiti. Unakichomeka wima ardhini, unaweka jiwe penye ncha ya kivuli, unangoja robo saa, kisha unaweka jiwe la pili pale ncha iliposogea. Jiwe la kwanza ni magharibi, la pili ni mashariki. Kanuni hiyo ni nzuri na hufaa kwetu kama ifaavyo kwingine. Lakini iko nyingine, iliyoandikwa kwa ajili ya majeshi ya Ulaya, isemayo kwamba kivuli cha adhuhuri huelekea kaskazini. Katika Arua kanuni hii ni ya kweli kuanzia katikati ya Septemba hadi mwisho wa Machi tu. Miezi iliyobaki kivuli cha adhuhuri huangukia kusini, na mpiganaji atakayetoka Arua kwa doria ya Juni akiwa na kanuni hiyo kichwani ataweza kushuka Nebbi huku akidhani anapanda Koboko.

Anayetaka kuona kwa macho yake na autazame mlingoti wa bendera kambini kwake. Kama una urefu wa mita 6, adhuhuri ya tarehe 21 Desemba kivuli chake kitakuwa cha mita 3 hivi, kimelala upande wa kaskazini. Hicho ndicho kivuli kirefu cha adhuhuri kupita vyote vya mwaka hapa Arua. Tarehe 21 Juni kitakuwa cha mita 2 na robo, nacho kitalala kusini. Karibu na tarehe 28 Machi, na tena katikati ya Septemba, kivuli kitajikunja chini ya mlingoti na kutoweka. Tunasema adhuhuri tukiwa na maana ya adhuhuri ya kweli, jua linapokuwa juu kabisa, nayo katika Arua huja karibu saa saba. Saa zetu zimepangwa kwa mstari wa nyuzi 45 mashariki, upitao karibu na Mogadishu, ilhali sisi tuko karibu na nyuzi 31. Wenzetu waliotumikia Somalia, ambako majeshi ya Uganda yalianza kwenda Machi 2007, watakuwa wametambua kwamba kule hukucha karibu saa nzima kabla ya Arua, ingawa saa ya mkononi haikubadilishwa.

Na iko ajabu nyingine ambayo askari wa zamu ya alfajiri wataifurahia. Jua la Arua huchomoza mapema zaidi, kwa kipimo cha saa, mwishoni mwa Oktoba, na kwa kuchelewa zaidi mwanzoni mwa Februari. Tofauti ni kama nusu saa. Sababu yake ni kwamba njia ya dunia kulizunguka jua si duara kamili, na mhimili wa dunia umeinama nyuzi 23 na ushei, hata adhuhuri ya kweli hutangulia au huchelewa kidogo kuliko saa ya ukutani. Kwa hiyo mlinzi wa Februari anayenung'unika kuwa mwenzake amerudisha mishale ya saa nyuma ili amkalishe lindoni amsamehe. Kosa ni la mbingu. Tena yafaa ikumbukwe kwamba baridi ya Ulaya haiji kwa dunia kuwa mbali na jua. Mwanzoni mwa Januari dunia huwa karibu zaidi na jua, kilomita kama milioni 147, na mwezi wa Julai huwa mbali zaidi, kilomita kama milioni 152. Ni kule kuinama kwa mhimili kunakofanya kazi yote.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Katika nchi yetu safari ya jua haionekani katika nuru. Huonekana katika mvua. Mvua hulifuata jua kama kundi limfuatavyo mchungaji. Jua likiwa kusini, mvua nazo huwa kusini, huko Zambia, Malawi na Tanzania ya kusini, na juu ya West Nile huvuma upepo mkavu utokao kaskazini. Upepo wa mwendo huo huo, ukifika pwani, ndio kaskazi ya mabaharia, iliyokuwa ikileta majahazi kutoka Arabuni hadi Lamu, Mombasa na Unguja. Sisi tulio bara hatupati jahazi; tunapata vumbi na moshi. Mwezi wa Desemba majani huwa yamekauka, moto hupita vilimani, na jua la jioni huzama jekundu kama kaa. Foleni za kisima huanza kurefuka. Ghala huwa na wimbi na ufuta, na watu hupata nafasi ya kuoa, kuzuru wakwe na kumaliza kesi za mashamba.

Mzee mmoja wa Ajia, ambaye hutuita mwanangu ingawa tumevaa nyota mabegani, alitwambia kwamba yeye hana haja ya kuhesabu saa za usiku. Mwaka anauhesabu kwa moshi. Moshi wa kwanza ukionekana kilimani, anajua jua limekwenda mbali. Mwembe wake ukianza kutoa maua, anajua limekwisha kugeuka. Tukamwambia, mzee, wataalamu wanayo tarehe kamili na hata dakika. Akacheka, akatuuliza kama dakika hiyo inaota.

Katika siku za zamani Walugbara na Wakakwa walikuwa na wazee wa mvua, waliotunza mawe ya mvua na kuombwa na jamaa zao ukame unapozidi. John Middleton, mtaalamu wa Uingereza aliyekaa kati ya Walugbara mwanzoni mwa miaka ya 1950, ameandika kwamba mzee wa namna hiyo alikuwa na uwezo pia wa kuzuia mapigano kati ya koo. Jambo hili linatupasa sisi tulitafakari zaidi ya wengine. Mtu aliyeaminiwa kulingojea jua lirudi ndiye aliyeaminiwa kuwaambia wenye mikuki waishushe. Hatutaki hapa kuwarudisha wasomaji wetu kwenye mawe ya mvua, maana kila mmoja anayo dini yake na kiongozi wake. Lakini tunaona kwamba mababu walijua ya kuwa subira na amani hutoka chungu kimoja.

Warumi waliziita siku hizi kwa neno lenye maana ya kusimama kwa jua. Jina hilo ni sahihi kuliko majina mengine yote, kwa sababu kwa muda wa juma zima hivi jua hutoka mahali pale pale upeoni, bila kusogea kwa kadiri ambayo jicho linaweza kuitambua. Husimama kwanza, ndipo hugeuka. Sisi tuliopita katika uwanja wa gwaride jambo hili linatuingia upesi. Hata amri ya nyuma geuka itolewapo katikati ya mwendo, mguu hupiga papo kwa papo kabla mwili haujaelekea upande mwingine. Na kuruta anayejaribu kugeuka bila kituo hicho humgonga mwenzake na kuangusha kofia. Watu wengi katika maisha ya kiraia na ya kijeshi hutaka kugeuka bila kusimama. Mlevi anataka kuacha pombe huku akienda kilabuni. Aliyegombana na mkewe anataka mapatano huku akiendelea kusema.

Kule kusimama, basi, ndiko tunakokuona kuwa maana ya Desemba kwa mtu wa Ikweta. Wenzetu wa kaskazini wamepewa ishara kubwa, giza la saa 16 na nuru inayorejea, na wamejenga juu yake mambo ya kustaajabisha. Huko Newgrange, Ireland, liko kaburi la mawe lililojengwa zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, ambamo mwali wa jua huingia hadi chumba cha ndani kabisa alfajiri ya siku hizo tu, ukakaa kama dakika 17 kisha ukatoka. Waajemi hukesha usiku wanaouita Yalda, wakila makomamanga na kusoma mashairi hadi kukuche. Hata Waswahili wa pwani wanayo sikukuu ya mwaka wa jua: Mwaka Kogwa wa Makunduchi, Unguja, utokao katika Nairuzi ya Waajemi, wenye siku 365 zilizohesabiwa makumi kwa makumi kwa ajili ya wakulima na mabaharia. Siku hizi huangukia Julai, kwa kuwa hesabu yake haina mwaka mrefu wa kuongeza siku moja. Nayo Krismasi huadhimishwa tarehe 25 Desemba, ambayo katika kalenda ya Julius Caesar ilihesabiwa kuwa ndiyo siku ya kugeuka kwa jua. Kama sikukuu moja iliifuata nyingine, wanazuoni wangali wanabishana, nasi hatutaingia katika ugomvi wao. Muislamu hana sikukuu ya jua, miezi yake ni ya mwandamo, na Ramadhani husogea siku 10 au 11 kila mwaka. Lakini ndiye mtu ambaye kila siku hulitazama jua ili ajue wakati wa sala.

Sisi tumepewa ishara ndogo. Usiku wa 21 Desemba askari wa Arua hatapata alama yoyote. Karibu saa nne na nusu usiku Kilimia kitakuwa kimefika juu, upande wa kaskazini kidogo. Kwenye saa sita na nusu zile nyota tatu zilizopangana mstari, kama askari watatu kwenye ukaguzi, zitakuwa karibu kabisa na utosi wake, na akizifuata mpaka zizame zitamwonyesha magharibi ya kweli. Baada ya saa nane nyota za Msalaba wa Kusini zitaanza kupanda. Mbwa atabweka mahali, lori la mizigo litapita likielekea Koboko, na jua, upande wa pili wa dunia, litakuwa limegeuka bila tarumbeta. Mlinzi hataambiwa. Atakabidhi zamu kwa mwenzake, ataandika katika daftari kuwa hakuna lililotokea, naye atakuwa ameandika kweli.

Kazi ya mlinzi karibu yote ni ya namna hiyo. Daktari huonyeshwa mgonjwa aliyepona, na mwalimu huonyeshwa mwanafunzi aliyefaulu. Nani atamwonyesha askari polisi wa Ajia duka ambalo halikuvunjwa kwa sababu alipita na tochi yake? Ndiyo maana moyo wa mlinzi huchoka upesi kuliko miguu yake, akaanza kujiuliza kama kusimama kwake kuna faida. Kwake yeye tunadhani kugeuka kwa jua ni faraja iliyo ya kweli, kwa kuwa jambo kubwa la mwaka mzima, litakaloleta mvua za Machi na Aprili na mbegu ardhini, huanza katika usiku ambao daftari linasema hakuna lililotokea.

Historia nayo imeweka katika juma hilo mambo ambayo askari hawezi kuyapuuza. Desemba 1914, katika mahandaki ya Flanders, askari wa Kiingereza na wa Kijerumani walitoka pasipo amri ya wakubwa wao, wakazika maiti zao, wakapeana tumbaku na kushikana mikono. Baada ya siku chache wakarudi kuuana, na vita vikaendelea hadi 1918. Kisa hicho kinasimuliwa mno duniani. Kilicho karibu nasi zaidi husimuliwa kidogo sana, nacho kilidumu.

Tarehe 24 Desemba 2002, siku mbili baada ya jua kugeuka, huko Yumbe, serikali ya Uganda na wapiganaji wa UNRF II waliokuwa wakiongozwa na Ali Bamuze walitia sahihi mkataba wa amani. Kundi hilo lilikuwa limepigana tangu miaka ya 1990, likiwa na kambi zake upande wa Sudan. Mapigano yalikuwa yamesimamishwa mwezi wa Juni mwaka huo huo wa 2002, na Sheria ya Msamaha ilikwisha kupitishwa mwaka 2000. Wazee na viongozi wa dini wa West Nile walikuwa wamekwenda na kurudi mara nyingi wakizungumza na wana wao. Baada ya mkataba baadhi ya wapiganaji wale waliingizwa katika jeshi la taifa, wengine wakarudi mashambani. Walio na umri wa kukumbuka barabara za Yumbe na Koboko kabla ya hapo wanajua zilivyokuwa zikitisha machweo yakikaribia.

Hatusemi kwamba jua ndilo lililotia sahihi. Tunachotaka kisitwe masikioni mwa askari kijana ni ule muda wa miezi 6, kati ya Juni na Desemba, ambapo bunduki zilikuwa zimesimama lakini mkataba haujaandikwa. Katika miezi ile kila mtu alikuwa na sababu ya kufyatua, na risasi moja ya askari mwenye hasira au mwenye pombe kichwani ingeweza kuyarudisha yote nyuma. Majina ya waliotia sahihi yanajulikana. Majina ya walinzi wa pande mbili waliosikia vichaka vikitikisika usiku wakangoja badala ya kupiga, hakuna aliyeyaandika, na hayataandikwa.

Tena Desemba imetuletea mambo ya kinyume. Usiku wa tarehe 15 Desemba 2013 vita vilizuka Juba, na katika siku zilizofuata watu walianza kuvuka kuingia West Nile, kina mama wakiwa na watoto na masufuria, wakapokewa Adjumani na Rhino Camp. Wakaja wengine wengi zaidi kuanzia Julai 2016, na mwezi wa Agosti mwaka huo ikafunguliwa Bidibidi katika Yumbe ile ile ya mkataba. Mtu wa kwanza ambaye mkimbizi humkuta katika nchi asiyoijua ni mtu mwenye sare. Kabla hajaonana na padri, imamu, au mgawaji wa chakula, ameonana na sisi, naye huamua papo hapo kama amefika mahali pa usalama au la. Watu wa Arua na Koboko wanalielewa jambo hili bila kufundishwa, kwa kuwa baada ya 1979 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 maelfu yao walivuka mipaka hiyo hiyo wakielekea Sudan na Zaire ya wakati huo, nao walitazama uso wa askari wa ng'ambo kwa hofu ile ile.

Tumeyasema haya yote kwa sababu ya jambo moja linalotukera, ambalo kwa kazi yetu ya uhusiano tunalijua kuliko tungependa. Kila Desemba hutubidi kuandika taarifa zinazoanza na neno la masikitiko. Askari amekunywa, ana bunduki, pana ugomvi wa msichana au wa deni, na ghafla pana mtu aliyelala chini. Au askari yuko mbali na nyumbani kwa mwaka mzima, watoto wanauliza nguo za sikukuu, likizo imepewa mwingine, naye anaigeuza silaha kwake mwenyewe. Taarifa hizo zina lugha yake: uchunguzi unaendelea, hatua kali zitachukuliwa. Tunaziandika vizuri, wala hakuna anayefufuka kwa kuzisoma. Wakati wa sikukuu makamanda huongeza doria mjini na kupiga marufuku kuingia kilabuni na silaha, na hivyo ndivyo ipasavyo. Lakini amri haifiki ndani ya kifua cha mtu aliye peke yake saa nane usiku. Huko hufika kitu kingine, na kwa hicho hatuna zoezi lolote katika ratiba zetu za mafunzo.

Kwa hiyo tunatoa pendekezo, nalo halihitaji bajeti. Jioni ya tarehe 21 Desemba, katika kila kambi na kila kituo cha polisi, watu wakusanywe jua linapozama, ambako hapa Arua ni saa moja kasoro dakika chache. Majina ya wenzetu waliokufa mwaka huo yaitwe kama yanavyoitwa kila asubuhi, na asiitike mtu. Padri aombe, imamu aombe, kwa ufupi, pasipo hotuba ya mgeni rasmi. Kisha kila askari aachwe asimame peke yake kwa robo saa, ajihesabu: nani anamdai, nani amemwonea, nani nyumbani hajasikia sauti yake tangu Pasaka au Idi. Baada ya hapo apewe nafasi ya kupiga simu. Na yule asiye na salio, ofisa wake amnunulie. Tunajua wapo watakaocheka na kusema kuwa jeshi si kanisa wala msikiti. Tunawajibu kwamba ukaguzi wa silaha tunaufanya kila juma, na hakuna aliyewahi kusema kuwa jeshi ni karakana.

Na usiku huo maofisa wachukue lindo. Katika majeshi mengi iko desturi ya maofisa kuwapakulia askari chakula siku ya Krismasi, nayo ni desturi njema, lakini kupakua wali ni kazi ya dakika 10 na huisha kwa kupigwa picha. Tunazungumza habari ya lindo zima, kutoka machweo hadi mapambazuko, langoni, kwenye ghala la silaha na kizuizini, wakati askari wamelala. Zamu ya saa nane hadi saa kumi za usiku, ambayo kila mtu huikwepa na ambayo kwa kawaida humwangukia kuruta au mtu aliyeadhibiwa, apewe kamanda wa kambi mwenyewe, na kwa upande wa polisi mkuu wa kituo. Aambiwe neno la siri kama mlinzi mwingine yeyote, akaguliwe sare, akabidhiwe bunduki na idadi ya risasi mbele ya shahidi. Alfajiri aandike katika daftari yale aliyoyaona, atie sahihi, arudishe risasi zikiwa timamu, ndipo akalale.